Mafunzo juu ya wezi wa mtandao yasiishie kwa wakubwa wa redio

Mara nyingi mashirika yanapoleta mafunzo juu ya wizi wa mtandao kwa redio za hapa mashariki mwa Congo, wanaoitwa ni walewale: mkurugenzi, mkubwa wa programu na fundi wa kompyuta. Wanaketi siku mbili hotelini, wanafundishwa kwa Kifaransa, wanapewa cheti na feza za usafiri, kisha wanarudi kazini.

Lakini simu ya redio, ile ambayo namba yake inatajwa hewani kila asubuhi, haishikwi na mkurugenzi. Inashikwa na kijana wa kujitolea ao dada wa mapokezi. Huyo hakuitwa. Na wezi wanajua hakuitwa.

Namna wanavyofanya si uchawi. Mwizi anaandikisha namba ya redio katika WhatsApp ya simu yake mwenyewe. Hapohapo kode ya tarakimu sita inafika kwa meseji kwenye simu ya redio. Mwizi anaandika akijifanya mtu wa shirika la misaada: « Ndugu, nilikosea namba, kode yangu imefika kwako, nirudishie tafazali. » Kijana mwenye roho nzuri anaituma. Dakika hiyo konti ya redio imetoka mikononi mwake.

Ujumbe wa zamani hauhamii moja kwa moja kwenye simu ya mwizi. Ila makundi yote ambamo redio imo anayaona, pamoja na namba za watu, na kila ujumbe mpya unaingia kwake. Mkulima anayeandika usiku kwamba watu wenye silaha wamepita kijijini, akifikiri anaambia redio, anamwambia mtu asiyemjua. Hapa Kivu na Ituri, jambo hilo linaweza kumgharimu maisha yake.

Kisha kuna wale waliokimbia makwao. Namba ileile wanayoiamini inawaambia: atakayetuma franga 5.000 leo atapata jetoni ya chakula. Mama aliyetoka Masisi na watoto, akiishi kwa familia iliyompokea, hatumi kwa sababu ni mjinga. Anatuma kwa sababu redio yake imesema. Mwizi ameiba feza zake, lakini ametumia jina la redio kuziiba. Redio isiseme kwamba haihusiki.

Wengine watasema mambo hayo ni ya redio ndogo zisizo na vifaa. Si kweli. Tarehe 23 Aprili 2013 konti ya Twitter ya Associated Press, shirika kubwa la habari la Marekani, ilitekwa na kutangaza kwamba mabomu yamelipuka katika ikulu na kwamba rais Obama ameumia. Soko la hisa la New York lilianguka kwa dakika chache. Kabla ya hapo wafanyakazi walikuwa wamepokea barua pepe ya hadaa iliyoonekana kama imetoka kwa mwenzao. Kule, ikulu ilikanusha upesi. Hapa, namba ya redio ikiandika usiku kwamba waasi wamefika, nani atakanusha kabla watu hawajaanza kukimbia na watoto mgongoni?

Wakubwa wanajibu kwamba feza za mafunzo hakuna. Feza gani? Kuweka namba ya siri ya pili katika WhatsApp ni bure, na mwizi aliyepata kode tu anakwama hapo. Kueleza kwa Kiswahili, katika kikao cha asubuhi, kwamba kode haipewi mtu yeyote, hata anayejiita mkurugenzi, kunachukua nusu saa. Kuonyesha ujumbe wa uongo unaosema « ukurasa wenu wa Facebook utafungwa leo, bonyezeni hapa » kunachukua dakika kumi. Na walinzi, madereva na wanaojitolea wawemo.

Kuna ubaya mwingine: azabu. Kijana aliyetuma kode ananyamaza, kwa sababu ameona mwenzake alivyofukuzwa. Kumbe saa ile ndiyo ya kuokoa. Akiandikisha tena namba ya redio mara moja, anaweza kumtoa mwizi. Akichelewa, mwizi anaweza kuweka namba yake ya siri, na redio ikangoja hata siku 7 kabla ya kurudi ndani. Siku 7 redio haina WhatsApp yake! Mkubwa anayefukuza mtu aliyesema ukweli anawafundisha wote waliobaki kuficha.

Congo ina sheria mpya juu ya mambo ya numeriki tangu Machi 2023. Ni vizuri. Lakini sheria inakuja nyuma ya mwizi, na mama wa Masisi hana njia ya kwenda kumtafuta mbele ya hakimu.

Basi kila redio itangaze hewani, asubuhi na jioni: redio haiombi feza, haiombi kode, haitoi jetoni. Msikilizaji naye, akipokea ujumbe wa namna hiyo, asitume kitu. Aulize kamati ya wakimbizi ao chefu wa mtaa, tena apige redio kwa simu ya kawaida, si kwa WhatsApp. Mwizi ameteka WhatsApp. Hajachukua kadi ya simu. Atakayeitika ni dada yule wa mapokezi. Afazali awe amefundishwa jibu la kutoa.