Mtiifu Si Mnyamavu

Wapo wadhanio kuwa mtu mwaminifu ni yule aitikiaye kila neno la bwana wake. Dhana hiyo ni potofu, na ushahidi umo katika ukoo wa Marshal wa Uingereza.

Mwaka 1152, Mfalme Stephen alipokuwa akigombea kiti cha enzi na binamu yake Matilda, John Marshal, aliyekuwa upande wa Matilda, alimtoa rehani kwa mfalme mwanawe mdogo, William, ili apewe muda wa kuisalimisha ngome ya Newbury. Muda huo akautumia kujaza ngome askari na chakula. Alipoambiwa mtoto atanyongwa, akajibu kuwa aweza kuzaa wengine. Mtoto alipona kwa huruma ya mfalme yule yule aliyehadaiwa.

William alipokua hakufuata nyayo hizo. Mwaka 1189, Mfalme Henry II akiwa mgonjwa na makabaila wakimkimbilia mwanawe muasi, Richard, yeye alibaki, akamwua farasi wa Richard karibu na Le Mans. Richard alipotawala hakulipa kisasi, bali alimwoza Isabel de Clare, mrithi wa mali nyingi. Alitambua kuwa aliyemtetea baba katika kushindwa kwake hatamkimbia mwana.

Mtasema: mbona mwaka 1215 mwana mkubwa wa William alijiunga na makabaila waliomwasi Mfalme John, mrithi wa Richard? Je, ukoo haukuweka mguu huku na huku? Haya, tumpime mzee mwenyewe. Mfalme John aliwahi kumchukulia wanawe wawili rehani, naye hakumwacha.

John alipofariki mwaka 1216, mrithi alikuwa mtoto wa miaka 9, na Louis wa Ufaransa, aliyeungwa mkono na waasi, alikwisha kuishika London. William, mzee wa miaka ipatayo 70, akakubali kumlinda mtoto na ufalme. Kabla ya mwaka kwisha aliitoa upya Magna Carta, hati waliyoidai waasi iliyomfunga mfalme kwa sheria, ambayo John aliikana, akiondoa baadhi ya vifungu. Mwaka 1217 akawashinda waasi huko Lincoln, mwanawe akiwa amekwisha kurudi upande wake. Na amani ilipofungwa, waasi walirudishiwa ardhi zao.

Tazameni basi: aliwapiga waasi kwa upanga, lakini dai lao la haki hakulitupa. Bendera hufuata upepo. Muungwana hufuata ahadi. Nanyi mnaojiita watiifu, simameni na viongozi wenu siku ya dhiki, na siku hiyo hiyo waambieni pale wapinzani wao wanaposema kweli. Asiyethubutu hilo hamtumikii kiongozi, anatumikia tumbo lake.