Kaburi, Ukuta na Subira: Funzo la Novela Moja kwa Walimu wa Fasihi

Miongoni mwa kazi fupi za nathari zilizoandikwa kwa Kiingereza katika karne ya 20, ni chache zilizounganisha akiolojia, fumbo la kihistoria na uponyaji wa nafsi kwa utulivu kama A Month in the Country, novela ya J. L. Carr iliyochapishwa mwaka wa 1980. Ninaipendekeza kwa walimu na wanafunzi wa fasihi, wala si kwa sababu ilitunukiwa tuzo ya gazeti la Guardian mwaka huo na kufika katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Ninaipendekeza kwa kuwa inatukumbusha jambo ambalo madarasa yetu yanaelekea kulisahau: kwamba kilichofukiwa, kiwe ukutani, ardhini au moyoni, hakifukuliwi kwa pupa.

Yafaa ijulikane kwamba Carr alikuwa mwalimu. Alizaliwa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa 1912. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini Kettering hadi mwaka wa 1967, alipoacha kazi hiyo ili ajishughulishe na uandishi na uchapishaji wa ramani na vijitabu vidogo. Alifariki mwaka wa 1994. Huenda ndiyo maana novela yake, ambayo ina takriban kurasa 100 tu, inaaminia akili ya msomaji na kukataa kumtafunia kila kitu.

Kisa chenyewe kinatokea katika majira ya joto ya mwaka wa 1920. Tom Birkin, askari aliyerejea kutoka mapigano ya Passchendaele akiwa na kigugumizi na shavu linalotetemeka bila hiari yake, anashuka kwenye stesheni ya kijiji cha kubuni cha Oxgodby. Mkewe amemwacha, na mfukoni hana kitu. Ameajiriwa kwa gini 25 abandue tabaka za chokaa zinazofunika mchoro wa Zama za Kati kwenye ukuta wa kanisa. Analala katika mnara wa kengele, na kila kukicha anapanda juu ya jukwaa la mbao kuendelea na kazi yake, sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo. Pole pole mchoro wa Siku ya Kiyama unajitokeza.

Nje ya ua wa kanisa, Charles Moon, mwanaakiolojia na askari wa zamani pia, amepiga hema. Wosia uleule uliotoa fedha za kumlipa Birkin unataka lipatikane kaburi la Piers Hebron, mtu wa kale aliyetengwa na Kanisa na kunyimwa mahali pa kuzikwa pamoja na jamaa zake. Kosa lake lilikuwa nini? Hapo ndipo penye fumbo. Moon naye anabeba jeraha lake: alipata nishani ya ushujaa vitani, kisha akafungwa jela ya kijeshi kwa kosa ambalo jamii ya wakati ule haikutaka hata kulitaja. Birkin anaipata habari hiyo kwa mtu mwingine, na urafiki wao hauvunjiki.

Fumbo hilo linateguliwa katika kurasa za mwisho, mchangani na ukutani kwa pamoja. Katika jeneza la mawe unapatikana mkufu wenye alama ya hilali. Na kwenye mchoro, miongoni mwa wanaotumbukizwa motoni, kuna mtu mwenye kovu la hilali kwenye paji la uso. Piers alikuwa ameingia Uislamu, na jamaa zake hawakumsamehe. Msomaji atambue hata hivyo kwamba Carr anaitoa siri hii kwa maneno machache mno, kisha anaendelea na kisa chake. Msomaji aliyekimbilia jibu peke yake atafika mwisho akiwa na hilali mkononi, ilhali kitabu kimempita.

Basi kitabu chenyewe kiko wapi? Kiko katika mikono ya Birkin. Hakuna daktari anayemtibu, wala hakuna mahali anapoketi akatapika machungu yake yote. Vita vyenyewe tunaviona kwa vidokezo tu. Kinachomponya ni kazi inayodai makini, jua, chakula anacholetewa na familia ya mkuu wa stesheni, na mazungumzo na mtu aliyepitia yaleyale. Kadiri ukuta unavyosafika ndivyo shavu lake linavyotulia. Hata hivyo, Carr hatuuzii faraja ya bei rahisi. Kati ya Birkin na mke wa kasisi kuna upendo ambao neno lake halisemwi, na nafasi ya kulisema ikishapita, imepita. Birkin anaondoka amepona kiasi, huku akiwa amepoteza kitu kingine. Huo ndio ukweli wa maisha, na ndiyo sababu tunaamini kupona kwake.

Walimu wenzangu, sasa tutazame vyumba vyetu vya madarasa. Mwanafunzi wa leo aghalabu hupewa mwongozo kabla hajafungua riwaya. Hukariri wasifu na umuhimu wa mhusika ambaye hajakutana naye, akaorodhesha maudhui ambayo hayajamgusa, na kutaja mbinu za lugha kama mtu anayehesabu magunia ghalani. Huku ni kuuendea ukuta wa Birkin kwa sururu. Chokaa itaanguka, naam, lakini na rangi itaanguka nayo.

Nitaambiwa kwamba mtihani haungoji, na kwamba silabasi ni ndefu. Siyapuuzi hayo, kwani mwalimu anayekabiliwa na darasa kubwa na muda mfupi hastahili lawama za mtu aliye chuoni. Lakini hoja yangu si kwamba mitihani ifutwe. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya mwongozo kuletwa, sura moja isomwe kwa sauti hadi mwisho, na wanafunzi waulizwe walichoona badala ya kile wanachotakiwa kujibu. Usomaji wa namna hiyo hauchukui zaidi ya vipindi vichache. Mwanafunzi aliyezoea kutazama sentensi kwa makini hashindwi na dondoo la mtihani.

Kuna na jambo zito zaidi. Katika kila darasa wamo vijana waliofiwa, waliohamishwa makwao, au walioshuhudia nyumbani mambo ambayo hawawezi kuyatamka. Riwaya haiwezi kuchukua nafasi ya mshauri nasaha, na mwalimu wa fasihi asijifanye tabibu. Ila anaweza kumpa kijana kama huyo kile alichopata Birkin: kazi yenye thamani, muda wa kuifanya, na mtu wa kuifanya naye pasipo kumhoji.

Wala tusidhani kwamba vita vilivyomjeruhi Birkin vilikuwa vya Wazungu peke yao. Vilipiganwa pia katika Afrika Mashariki, na maelfu ya wapagazi wa Kiafrika wakafa humo. Jina Kariokor jijini Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao. Kwetu wanaisimu, neno kama hilo ni kigae kilichobaki juu ya ardhi kuashiria kilichozikwa chini. Wanafunzi wetu hulitamka kila siku. Mwalimu akiwafundisha kusoma bila pupa, huenda mmoja wao akainama, akakiokota kigae hicho, akatuandikia kwa Kiswahili novela ambayo bado tunaingoja.