Tusimpunguzie Mhunzi Bei

Mwaka jana nilichinja maksai wangu, nikamchuna kwa kisu cha bei rahisi nilichokinunua sokoni. Kisu chenyewe kiling'aa kama kioo. Kabla sijamaliza ubavu mmoja makali yalikwisha, nikaanza kuvuta na kukata ovyo, na ngozi ikatoka na matundu matatu. Mnunuzi wa ngozi aliitazama kidogo tu, akataja bei ambayo naona haya kuiandika hapa.

Wengine wangemlaumu mwuzaji. Mimi najilaumu mwenyewe, kwa kuwa karibu na kwangu yuko mhunzi afuaye visu kwa springi kuukuu za lori. Chuma hicho ni kizuri, maana kina kaboni ya kutosha, kama sehemu 6 katika 1,000, na kwa hiyo chaweza kutiwa ugumu. Lakini kukifua tu hakutoshi. Kisu kikisha kupata umbo, hupashwa moto mpaka kiwe chekundu na sumaku isikinase, kisha hutoswa katika mafuta. Hapo ni kigumu, ila huvunjika upesi kama chupa. Basi hupashwa tena polepole mpaka mahali paliposuguliwa paonyeshe rangi ya majani makavu. Kazi hiyo hula makaa na wakati. Nasi tukimkaba mhunzi apunguze bei, ataacha kazi gani? Ataacha hiyo hiyo, kwa kuwa haionekani kwa macho. Wewe mkulima chukua tupa ujaribu makali: ikila kwa urahisi kama inavyokula msumari, kisu hakikutiwa ugumu.

Tena kuna habari ya mpini. Ulaya wahunzi hutumia pembe za ayala, ambazo huanguka zenyewe kila mwaka. Hapa Kenya hatuna ayala wa porini, na pembe za swala usiziguse: uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 inakataza kuweka kitu cha mnyama wa pori bila kibali. Lakini pembe za ng'ombe wetu twawatupia mbwa! Ichemshe pembe mpaka mfupa wa ndani uchomoke, uikaushe kivulini majuma kadhaa. Ikifungwa mbichi itasinyaa, na mpini utalegea.

Mimi nimekwisha mpelekea mhunzi wangu pembe za yule maksai. Bei aliyotaja nimelipa yote.