Wacha Kulilia Nyota

Leo naongea na watu wa gemu jamu. Si jamu ya mkate wala ya Thika Road. Ni ile mada inatoka, unapewa masaa 48 au 72, na gemu lazima iwe imeisha.

Kila jamu ikiisha naona ujumbe uleule kwa grupu: "Nimekuwa namba 900, hii kitu si yangu." Mtu amejifunza miezi sita, anaacha juu ya namba. Na hata hajui hiyo namba inapatikana aje!

Skiza. Kwa itch.io, ukiwa na kura chache alama yako inakatwa. Gemu zote zinapangwa kwa idadi ya kura, halafu inaangaliwa ile ya katikati kabisa. Kama ya katikati ina kura 20 na wewe uko na 5, unakatwa nusu. Watu watano wamekupea wastani wa nyota 4, kwa matokeo unasomeka 2. Hakuna aliyesema gemu yako ni mbovu. Watu hawakuicheza tu. Ludum Dare nayo, usipofikisha kura kama 20 hupewi nafasi kabisa.

Na mbona hawakuicheza? Pengine uliweka faili ya kupakua, MB 400. Nani atachoma bando lake kwa gemu ya mtu hamjuani? Weka ya kucheza kwa brauza. Halafu jiulize, wewe ulicheza ngapi za wenzako? Ukikadiria za wengine, yako inasukumwa mbele ionekane. Jamu yangu ya kwanza nilikadiria tatu, nikalala. Nilipopata kura sita nikaanza kulaumu majaji. Majaji gani? Wanaokadiria ni washiriki kama mimi, na wengine walilala kama mimi.

Lakini kuna wale wa "alama hazina maana yoyote." Hao pia wanawadanganya. Ukipata 4 kwa ubunifu na 2 kwa sauti, unajua Jumatatu unaanzia wapi. Watu watatu wakisema wamekwama pale pale, hiyo ni dawa, hata kama ni chungu. Alama ni za kujifunza. Shida ni kuzifanya lengo. GMTK Game Jam ya 2024 ilipata gemu zaidi ya 7,000. Ukisema lengo lako ni kuingia mia bora, umeweka furaha yako kwa mikono ya watu hata hujui wamelala au wako macho.

Lengo la maana ni lile unaweza kujijibu ndiyo au la bila kungoja matokeo. "Nitamaliza leveli moja." "Sauti zote nitarekodi mwenyewe." "Nitakadiria gemu 20." "Nitalala masaa sita kila usiku." Liandike kabla mada itoke, juu ikishatoka utajidanganya.

Jamu yangu ya pili niliandika: menyu, leveli, mwisho. Jumamosi stima ikapotea masaa manne. Nikatupa leveli mbili, nikabaki na moja. Nafasi niliyopata ilikuwa mbaya, si siri. Lakini mtu aliweza kuanza gemu yangu na kuimaliza, kitu sikuwa nimewahi kufanya maishani.

Na kama bado unadhani jamu bila namba haina ladha, Global Game Jam iko tangu 2009 na haina mashindano. Kila mwaka watu wanarudi. Wanafuata nini, kama si kutengeneza?

Kwa hivyo kabla ya jamu ijayo, niambie lengo lako ni gani. Na usiniandikie "kushinda."