Orodha ya Sare Itaje na Kitambaa

Kila Januari wazazi hufurika madukani kutafuta sare. Hupapasa kitambaa, hutazama rangi, hulipa. Lakini kitambaa kipya hakimwonyeshi mtu kitakavyokuwa baada ya kufuliwa miezi kadhaa.

Mashati mengi ya shule ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, mara nyingi asilimia 65 kwa 35. Mchanganyiko huo una faida: pamba hunyonya jasho, poliesta hukauka upesi na haikunjamani ovyo. Tatizo ni kwamba nyuzi hizi mbili hazichakai kwa namna moja.

Kitambaa hurudi zaidi katika kufuliwa mara za mwanzo. Kiwandani, mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, huvutwa na kukazwa. Pamba ikiloa huvimba, na kitambaa hulegea kikajikunyata. Poliesta haivimbi, ndiyo maana shati lenye pamba nyingi hurudi kuliko lenye poliesta nyingi.

Kisha huja kusuguliwa. Nyuzi za pamba hukatika kidogo kidogo na kwenda na maji, za poliesta hubaki. Zile zinazochomoza hujisokota kuwa vipele, na kwa kuwa poliesta ni ngumu kukatika, vipele hivyo hung'ang'ania kwenye kola na viwiko. Katika shati la pamba tupu vingi vyake vingedondoka.

Rangi nayo ina mkasa wake. Poliesta hutiwa rangi za aina yake, kwa kawaida katika joto la takriban sentigredi 130. Pamba hutiwa rangi za aina nyingine kabisa. Pamba ikipauka au kulika kwenye mikunjo, kaptula ya bluu huota michirizi myeupe. Jiki huzidisha madhara, kwa sababu klorini iliyomo hula pamba.

Hapo lawama humwangukia anayefua, jambo lisilo haki hata kidogo. Shule hutaja rangi ya sare, mshono, hata urefu wa sketi, ila mara nyingi aina ya kitambaa haitajwi. Orodha ya sare iandike asilimia ya pamba na ya poliesta, na muuzaji aioneshe kwenye lebo. Fundi cherehani naye akiloweke na kukikausha kitambaa chenye pamba nyingi kabla ya kukikata. Mzazi asiyeona asilimia hizo popote aziulize kabla hajatoa pesa.