Maana ya Neno la Kiingereza “Garnish”

Katika vitabu vya upishi, neno “garnish” halina siri. Maana yake ni kupamba chakula kilichokwisha kuiva na kupakuliwa: kipande cha ndimu juu ya samaki, majani ya dania juu ya mchuzi, vitunguu vilivyokaangwa hata vikawa vyekundu juu ya sinia ya pilau. Pambo huwekwa mwisho, sahani ikiwa karibu kwenda mezani. Mpishi akiambiwa neno hili na mkubwa wake, asidhani anaambiwa atie chumvi au bizari. Hiyo ni kazi nyingine, nayo ina kitenzi chake.

Lakini mwenye duka aweza kupokea karatasi ya korti ambayo ndani yake yeye mwenyewe anaitwa “garnishee”. Akilitafuta neno hilo katika kamusi ndogo, ataona habari za ndimu na majani, atashangaa, na pengine ataitia karatasi ile katika saraka na kuisahau. Akifanya hivyo atajuta. Ili kufahamu jinsi neno la jikoni lilivyofika kortini, hapana budi kurudi nyuma miaka mingi sana.

Asili yake ni lugha ya Wafranki, watu wa jamii ya Kijerumani walioitawala nchi ambayo leo ni Ufaransa. Walikuwa na kitenzi chenye maana ya kujihadhari na kujiweka tayari, nacho kilianza kwa sauti ya “w”. Wenyeji wa nchi ile hawakuizoea sauti hiyo mwanzoni mwa neno, wakaitamka “gw”, na baadaye “g” peke yake. Ndiyo sababu mtu aitwaye William kwa Kiingereza huitwa Guillaume kwa Kifaransa. Kitenzi kile kikawa “garnir”, na Wanormani walipoishinda Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na ya sheria, na neno likavuka bahari pamoja nacho.

Ajabu ni kwamba Waingereza walikuwa wamekwisha kuwa na ndugu wa neno hilo, yaani “warn”, maana yake kuonya. Ni kama watoto wawili wa nyumba moja, mmoja akakaa kwao, mwingine akalelewa ng'ambo kwa mjomba wake na kurudi mtu mzima mwenye jina geni. Watoto wa namna hiyo katika Kiingereza ni wengi: “ward” na “guard” ni ndugu, “warranty” na “guarantee” pia.

Hapo zamani “garnish” lilikuwa neno la vita kuliko la karamu. Kuifanyia ngome kazi hiyo kulikuwa ni kuitilia askari, silaha na chakula cha kutosha, ili adui asiikute tupu. Kitu kilichotiwa vyote vinavyokipasa hupendeza macho, na kwa njia hiyo maana ikageuka polepole kutoka kutayarisha mpaka kupamba. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kitenzi hiki kimetumika kwa ile nyumba iliyofagiliwa ambayo pepo mchafu aliirudia, katika Mathayo 12:44, na tena kwa misingi ya mji mtakatifu yenye vito, katika Ufunuo 21:19. Hapana chakula katika habari hizo mbili. Sahani zilikuja baadaye.

Mtu asione mbali mno mwendo huu kutoka vita mpaka mapambo. Kiswahili nacho humwita mpambe yule mwanamke ampambaye bibi arusi na kukaa naye, na humwita mpambe vilevile yule afisa wa jeshi asimamaye nyuma ya Rais.

Neno hili lilipata kutumika vibaya pia. Katika magereza ya Uingereza, mfungwa mgeni alidaiwa fedha na wafungwa wenziwe siku aliyoingia, na fedha hizo ziliitwa “garnish”. Asiyekuwa nazo alivuliwa nguo zake. John Howard, aliyezunguka magereza mengi na kuandika kitabu juu ya hali yake mwaka 1777, aliilaumu desturi hiyo waziwazi.

Sasa korti. Wanasheria wa Kiingereza waliishika ile maana ya kale ya kuonya. Tuseme fundi amemshinda mwuza mbao katika kesi, na mwuza mbao halipi. Lakini yuko mwenye duka anayedaiwa na mwuza mbao shilingi 40,000. Fundi aweza kuiomba korti imwonye mwenye duka asimpe mwuza mbao fedha hizo, bali zishikwe kwa deni la fundi. Huyo mwenye duka aliyeonywa ndiye “garnishee”. Mara nyingi huwa ni benki, lakini yeyote mwenye kudaiwa aweza kuwa yeye.

Kwa kanuni za Kenya za mwaka 2010, amri ya kwanza humfikia siku 7 au zaidi kabla ya siku ya kusikilizwa. Huitwa “nisi”, neno la Kilatini lenye maana ya “isipokuwa”: itathibitishwa isipokuwa atoe sababu njema ya kuipinga. Asipofika wala kulikana deni, korti yaweza kuamuru mali yake mwenyewe ikamatwe. Tena, akimlipa mwuza mbao baada ya kupata onyo, aweza kujikuta analipa mara mbili. Akilipa kama korti ilivyoagiza, deni lake kwa mwuza mbao limekwisha kwa kadiri aliyolipa.

Uingereza yenyewe iliacha kuitumia amri hiyo kwa jina hilo mwaka 2002, ikachagua maneno ambayo raia wa kawaida aweza kuyafahamu. Marekani hawakuliacha. Huko mtu husema mshahara wake umekuwa “garnished”, na sheria ya mwaka 1968 humkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi kwa sababu mshahara wake umeshikwa kwa deni moja.

Katika kuandika, kitenzi hiki hufuatwa na “with” kabla ya kutaja pambo lenyewe. Keki haisemwi hivyo kwa kawaida. Kwa keki na vyumba hutumika “decorate”, na “adorn” humfaa mtu na mavazi yake. Wengine hulichanganya na “garner”, ambalo lina maana ya kukusanya na asili yake ni ghala ya nafaka. Mgombea hu-“garner” kura. Akizi-“garnish”, huenda akashtakiwa.