Adhabu Itumikiwe Ilongero

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu kumpa mwenye kosa dogo kazi isiyo na malipo badala ya gereza, chini ya afisa wa uangalizi. Mkulima wa alizeti wa Ilongero, mkoani Singida, anaweza kufyeka uwanja wa zahanati, kisha akalala kwake. Shamba halifi, watoto wanakula. Wapo wanaouita huo upole. Lakini aliyefungwa miezi sita pamoja na majambazi sugu, akatoka hana shamba wala mtaji, nini kitamzuia kuiba tena? Hoja nzito ni nyingine: afisa asiye na usafiri hafiki vijijini, na uangalizi wa kwenye makaratasi (tunaujua) si uangalizi. Serikali iwape maafisa hao pikipiki na mafuta.